Shajara ya rafu: vitabu 48, kopo moja na uzi mwekundu

Siku ya 1

Naanza leo kabla sijabadilisha mawazo. Rafu ya sebuleni ina vitabu 48, nimehesabu mara mbili, mara ya kwanza nilipata 47 kwa sababu kimoja kilikuwa kimeangukia nyuma kwenye vumbi. Hakuna aliyewahi kukaa akavipanga. Vingine nilinunua, vingine nilirithi, vingine niliazima kwa watu wakasahau kudai na mimi nikasahau kurudisha (mnaojijua mnisamehe). Kwa hiyo kitabu cha nyuki kimekaa karibu na mwongozo wa kompyuta wa enzi zile, na cha uhasibu kinaegemea diwani ya mashairi utadhani wamelewa.

Mradi wenyewe ni huu: nimekata vipande vya boksi, nimeviandika namba 1 mpaka 48, nimevitia kwenye kopo. Kila jioni natikisa, natoa viwili, naenda kuvichukua hivyo vitabu viwili na kutafuta kitu kimoja cha kweli kinachoviunganisha. Sio "vyote vina kurasa". Sio "vyote vinahusu maisha". Sharti nimeliita sharti la kidole: lazima niweze kuweka kidole kimoja kwenye ukurasa wa kitabu cha kwanza, kidole kingine kwenye ukurasa wa kitabu cha pili, na katikati nisiruke zaidi ya hatua mbili.

Nimepiga hesabu nikaogopa kidogo. Vitabu 48 vinatoa jozi 1,128, yaani 48 mara 47 gawanya kwa 2. Hata nikitoa jozi tatu kila jioni bila kukosa ni zaidi ya mwaka. Basi sitamaliza, natafuta za kutosha tu.

Siku ya 2

Mdogo wangu kanikuta nimekaa chini natikisa kopo. "Kaka, unacheza bahati nasibu na vitabu?" Nikamwelezea. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akaondoka polepole kama mtu anayemwacha mgonjwa alale.

Jozi tatu, hakuna kitu. Mbili nilizilazimisha halafu nikaona aibu nikazifuta.

Siku ya 4

Ya kwanza ya kweli! Kopo limetoa kitabu cha ufugaji nyuki na kitabu cha nyota na sayari. Nikasema hapa hamna kitu, labda nyuki wanatumia jua kutafuta njia, lakini kitabu changu cha nyuki hakisemi hivyo, ni kitabu cha mizinga na moshi na jinsi ya kutokung'atwa. Kina picha moja tu ya karibu ya sega, na chini yake sentensi moja kwamba kila tundu lina pembe sita.

Nikabaki na hiyo pembe sita. Upande wa nyota kuna sura nzima ya Johannes Kepler, yule wa sheria tatu za mwendo wa sayari. Sasa Kepler mwaka 1611 aliandika kijitabu kidogo, zawadi ya mwaka mpya kwa rafiki yake, akijiuliza kwa nini chembe ya theluji ina pembe sita. Na humo ndani akashindwa kujizuia, akapotelea kwenye masega ya nyuki, mbegu za komamanga, na namna ya kulundika mipira ili isiache nafasi kubwa katikati. Alisema ule mlundo ambao kila mpira unakaa kwenye shimo la mipira ya chini yake ndio unaobana kuliko yote, ila hakuthibitisha. Imekaa hivyohivyo karibu miaka 400 mpaka mwanahisabati Thomas Hales akaja kutangaza uthibitisho mwaka 1998. Halafu mwaka uliofuata, 1999, Hales huyohuyo akathibitisha na ile ya masega, kwamba ukitaka kugawa eneo katika vyumba vya ukubwa sawa kwa kutumia ukuta mfupi kuliko yote, jibu ni pembe sita. Nyuki walikuwa sahihi na sasa wana cheti.

Kidole kwenye sega, kidole kwenye Kepler, hatua moja katikati. Nimeipa daraja A. Nimelala saa saba.

Siku ya 6

Makosa ya kijinga. Niliona kwenye filamu za upelelezi wanavyobandika karatasi ukutani na kuziunganisha kwa uzi mwekundu nikasema na mimi nitafanya. Nimeandika majina ya vitabu vyote 48, nimepiga pini, nimevuta uzi. Miunganiko ni minne tu na tayari ukuta unaonekana kama kuna mtu kashonewa suti juu yake, pini zinadondoka, mbili nimezikanyaga. Nimeng'oa kila kitu. Uzi nimeuzungusha kwenye penseli nikauweka kwenye droo. Data zote zinahamia kwenye Excel, safu tatu tu: kitabu, kitabu, kwa nini.

Siku ya 9

Tatizo ambalo sikulitegemea, ni kamusi.

Kamusi ya Kiswahili ni namba 7. Kila namba 7 ikitoka nashinda. Kamusi na chochote! Natoa katiba na kamusi, basi katiba, kitabu, katibu na maktaba wote ni mzizi mmoja wa Kiarabu. Tena kitabu chenyewe kichekesho, ile "ki" ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe la Kiarabu, lakini sisi tuliipokea tukaona inafanana na ki- yetu ya kiti na kisu, tukaifanyia wingi, vitabu. Inafurahisha sana mara ya kwanza. Mara ya nne unagundua unadanganya. Hata kopo ninalotikisia ni neno la Kireno, pamoja na meza lililokaa juu yake, sasa itakuwaje.

Nimeitoa kamusi kwenye kopo. Itakuwa shahidi tu, sio mchezaji: naweza kuifungua kuuliza, lakini haihesabiwi. Wamebaki 47, jozi 1,081. Nimepiga marufuku pia kuunganisha kwa nchi (eti vyote vinataja Uingereza) na kwa vita vya dunia, maana humo ukiingia kila kitu kinaungana na kila kitu na hakuna ulichopata.

Siku ya 12

Hii nataka niiandike taratibu maana ndiyo imenifanya nisiache.

Kitabu cha sataranji na kitabu cha uhasibu. Cha sataranji ni kidogo, jalada limefifia, picha za ubao kila ukurasa. Cha uhasibu ni kile cha kawaida, daftari la fedha, upande wa kulia upande wa kushoto, malipo kwa fedha taslimu au kwa cheki. Nimekaa nusu saa naangalia vyote viwili, nikawaza labda miraba ya ubao na miraba ya jedwali, nikaona hapana, hiyo ni C, ya kulazimisha.

Nikarudi kwenye ile sentensi, fedha taslimu au cheki. Cheki. Tumeichukua kwa Kiingereza, hilo kila mtu analijua. Lakini Kiingereza kimeitoa wapi? Ni neno lilelile wanalosema mfalme akitishwa kwenye sataranji, lililopitia Kifaransa cha kale, na huko nyuma kabisa ni shah, mfalme wa Kiajemi. Mchezo ulitoka India ukapita Uajemi ukaingia kwa Waarabu na kutoka hapo Ulaya, na neno likabebwa nao. Wenyewe wakalitumia kwa kumtisha mfalme, halafu kwa kuzuia, halafu kwa kukagua, halafu kwa karatasi ya benki.

Na kati ya sataranji na benki kuna meza! Uingereza ya karne ya 12, hazina ya mfalme ilikuwa inafanya hesabu juu ya meza ya futi 10 kwa 5 iliyotandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, wanasogeza vihesabio juu ya miraba, huku mtoza kodi amekaa upande wa pili anatoka jasho. Ilifanana na ubao wa sataranji kiasi kwamba ofisi nzima ikapewa jina la ubao. Kwa hiyo kulikuwa na wahasibu waliokuwa wanacheza na pesa za mfalme juu ya sataranji, kabisa kabisa, na mimi nusu saa iliyopita nimeikataa miraba nikasema ya kulazimisha.

Haikuishia hapo. Nikamuuliza shahidi wangu kamusi neno shaha. Lipo. Ni mfalme wa sataranji, na ni bingwa wa washairi, ndiyo ile "shaha wa malenga" tunayoisikia. Sasa fikiria: neno moja la Kiajemi limetufikia kwa njia mbili. Moja limekuja kama shaha likakaa kwa washairi. Lingine limezunguka Ulaya nzima, limefanya kazi hazina, limevaa suti, ndipo likaja kwetu kama cheki. Na siku hizi hata mtoto anasema "nicheki baadaye" hajui anamtaja mfalme wa Uajemi.

Kwa hiyo jozi moja imeleta miunganiko mitatu, maana diwani ya mashairi imeingia yenyewe bila kuitwa. Nimempigia mdogo wangu simu kumwambia. Kasema "nimekusikia kaka, nitakucheki". Sikujua kama ananitania au la.

Siku ya 15

Jozi 31 mpaka sasa, zilizofaulu na kubaki kwenye orodha ni 14.

Na jioni nzima nimeipoteza. Ndani ya kitabu cha uhasibu, pembeni, kuna mwandiko wa penseli wa mtu aliyekuwa nacho kabla yangu: "angalia 112". Kitabu chenyewe kina kurasa 96. Moyo ukaanza kwenda mbio, nikasema huyu mtu alikuwa anaelekeza kitabu kingine, labda nacho kimo humuhumu kwenye rafu! Nimefungua ukurasa wa 112 wa kila kitabu kinachofika huko. Kila kimoja. Nimesoma ukurasa wa 112 wa nyuki (magonjwa ya mabuu), wa baiolojia (figo), wa volkano (mchoro wa matabaka). Saa mbili na nusu.

Halafu nikarudi kuangalia tena karibu na taa, kuna mkwaju mwembamba katikati. Sio 112, ni 1/12. Ukurasa unahusu kugawa bima ya mwaka kwa miezi. Angalia moja ya kumi na mbili.

Sina la kuongeza.

Siku ya 19

Hisabati ya sekondari na diwani ya mashairi. Kwenye hisabati nimeangukia milinganyo ya kipeo cha tatu, zile za x mara x mara x zilizokuwa zinanitesa shuleni. Mtu wa karne ya 11 aliyezichambua aina kwa aina na kuonyesha namna ya kupata jibu kwa kuchora, unachora duara, unachora parabola, pale yanapokatana ndipo jibu lilipo, ni Omar Khayyam. Huyohuyo alikuwa kwenye jopo la wanajimu waliotengeneza kalenda mpya ya Uajemi iliyoanza 1079. Na huyohuyo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye zile rubai, mashairi ya mistari minne minne.

Sasa kwenye diwani yangu, utangulizi unataja kazi za Shaaban Robert (1909 hadi 1962), na mojawapo ni kumleta Omar Khayyam kwa Kiswahili. Hakumtoa kwenye Kiajemi moja kwa moja, alipitia Kiingereza cha Edward FitzGerald. Kidole kwenye mlinganyo, kidole kwenye utangulizi, hatua moja. Daraja A, nilipiga ukelele.

Hiyo tafsiri ya FitzGerald nayo ina kisa kinachonihusu. Ilitoka 1859 bila jina lake, haikununuliwa, muuzaji akaitupia kwenye sanduku la nje la vitabu vya peni moja, na miaka miwili baadaye kuna watu wakapita wakaiokota humo, ikamfikia mshairi Rossetti, ndipo ikaanza kuvuma. Yaani mtu katia mkono kwenye sanduku la vitabu ovyoovyo akatoka na Khayyam. Kopo langu nikaliangalia kwa heshima kidogo.

Siku ya 20

Sijatikisa kopo leo, nimeendelea na ya jana maana kuna kitu kilikuwa kinaniwasha. Khayyam maana yake fundi wa mahema. Hema letu ni lilelile, khaima ya Kiarabu. Na kitabu changu cha ushonaji, sura ya vitambaa vizito, kina ukurasa wa kushona turubai na hema, na onyo kwamba sindano ya kawaida itavunjika. Basi fundi hema kaungana na sindano. Nimejipa B kwa sababu sikuitoa kwenye kopo, niliifuata mwenyewe. Sheria ni sheria.

Siku ya 24

Baiolojia na ushonaji. Hii nadhani ndiyo nzuri kuliko zote na sitegemei kupata nyingine kama hii.

Ushonaji kina ukurasa wa rangi za nyuzi, viduara kama hamsini, na kimoja ni zambarau iliyokolea. Baiolojia kina picha ya damu chini ya hadubini yenye vimelea vya malaria, na vimelea vyenyewe ni vidoti vya zambarau. Nimeviweka vitabu viwili mezani wazi, kimoja pembeni ya kingine, na rangi zinakaribia kufanana, hapo nilikuwa bado sijajua chochote, nilijua tu kwamba macho yameona kitu.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, yuko likizo nyumbani kwao London, ana kimaabara chake, anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria iliyokuwa inatoka kwenye magome ya mti tu. Kwa kutumia vitu vya lami ya makaa ya mawe. Akashindwa vibaya, akapata uchafu mweusi. Alipoosha chupa kwa spiriti, spiriti ikageuka zambarau. Mwingine angemwaga. Yeye akachovya hariri, rangi ikashika na haikutoka. Hapo ndipo viwanda vya rangi za kutengenezwa vilipoanzia, na zambarau ikawa ya kila mtu badala ya wakubwa tu.

Sasa ngoja irudi. Viwanda vikatoa rangi nyingi, na daktari Paul Ehrlich huko Ujerumani akagundua kwamba baadhi zinashika chembe fulani za mwili na kuziacha nyingine. Rangi inayochagua! Akawaza, kama rangi inakishika kimelea peke yake, si inaweza kukiua peke yake? Mwaka 1891 yeye na mwenzake Guttmann wakawapa wagonjwa wa malaria rangi ya bluu ya methilini, na ikawasaidia. Dawa za malaria za kutengenezwa zilizofuata kwa Wajerumani zilianzia kwenye kuigeuzageuza rangi hiyo, mpaka tukafika kwenye klorokwini mwaka 1934. Na zile zambarau za kwenye picha ya damu ni rangi za ukoo huohuo, bila hizo vimelea havionekani vizuri.

Kwa hiyo kijana alitafuta dawa ya malaria akapata rangi ya nguo, na rangi za nguo zikazunguka zikaleta dawa ya malaria. Hiyo ni duara kamili na limekaa kwenye rafu yangu miaka yote kati ya kitabu namba 19 na namba 33.

Daraja nimeandika AA. Sikuwa na AA kabla ya leo.

Siku ya 29

Kuna kitu kimetokea kwenye Excel na nilikuwa nakingoja bila kujua kama kitakuja kweli.

Wiki iliyopita miunganiko ilikuwa vijikundi, viwili hapa, vitatu pale, kundi kubwa lina vitabu 6. Jana na leo nimeongeza miunganiko minne na ghafla kundi kubwa lina vitabu 17. Sijafanya kitu cha ajabu, minne tu. Lakini kila mmoja umeshika vikundi viwili vilivyokuwa havijuani, vikawa kimoja.

Wanahisabati wawili wa Hungaria, Paul Erdős na Alfréd Rényi, waliliandikia hili kati ya 1959 na 1960. Chukua vitu vingi, unganisha jozi kwa kubahatisha. Mwanzoni unapata vipande tu. Ukipita idadi ya miunganiko iliyo nusu ya idadi ya vitu, kundi moja linaanza kumeza mengine. Nusu ya 47 ni 23 na kidogo, mimi niko 26. Miunganiko yangu sio ya kubahatisha kabisa, maana natupa zilizoshindikana, ila imekaribia mno.

Habari mbaya ni sehemu ya pili ya hesabu yao: ili kusibaki kitabu hata kimoja yatima, ningehitaji miunganiko karibu 90. Yatima ndio wa mwisho kupatikana siku zote.

Siku ya 33

Volkano na mwongozo wa kompyuta. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, majivu yakaziba jua, 1816 Ulaya haikuona kiangazi. Mvua imewafungia ndani kina mshairi Lord Byron na Mary Shelley karibu na Geneva, wanashindana hadithi za kutisha, inazaliwa riwaya ya Frankenstein. Na Byron alikuwa amemwacha Uingereza mtoto mchanga, Ada, ambaye mwaka 1843 ndiye aliyeandika maelezo marefu ya mashine ya hesabu ya Charles Babbage, ile ya kulishwa kadi zenye matundu zilizoigwa kwenye mashine za kufumia hariri.

Nzuri, ila nimeipa B. Imeshatembea sana hii, watu wengi wanaisimulia, niliijua kabla sijafungua kitabu, na Byron kuwa baba sio sababu ya kompyuta. Ninachokipenda ni hizo kadi, maana zimenirudisha kwenye nguo tena. Ada mwenyewe alisema mashine ile inafuma aljebra kama mashine ya hariri inavyofuma maua na majani.

Nilitaka niongeze na baiskeli. Kuna wanaosema njaa ya 1816 iliua farasi ndiyo maana Karl Drais akatengeneza kigari chake cha magurudumu mawili 1817. Tarehe zinapendeza lakini ushahidi kwamba jambo moja lilileta lingine ni dhaifu, na wanaochimba historia ya baiskeli wanalibishia. Nimeifuta. Iliniuma maana kitabu cha baiskeli ni yatima.

Siku ya 38

Nimepanga rafu upya. Mtu wa kawaida angepanga kwa mada, au kwa namba kama alivyotuachia Melvil Dewey tangu 1876. Mimi nimefuata njia ya Aby Warburg wa Hamburg, aliyekuwa anapanga maktaba yake kwa alichokiita ujirani mwema: kitabu unachokihitaji sio kile ulichokuja kukichukua, ni jirani yake. Alikuwa anavihamisha kila mawazo yake yakihama. Maktaba yenyewe ilikuja kuhama nchi kabisa, ilipakiwa melini kwenda London mwaka 1933 kuwakimbia Wanazi.

Sasa uhasibu unafuata sataranji, sataranji diwani, diwani hisabati, hisabati ushonaji, ushonaji baiolojia. Mdogo wangu katafuta kitabu cha baiskeli dakika kumi. Ujirani mwema una gharama zake.

Siku ya 44

Hesabu: miunganiko 58. Kundi kubwa vitabu 42. Viwili vinajuana vyenyewe kwa vyenyewe tu (havitaki watu). Yatima watatu: baiskeli, kitabu cha kujifunza kuogelea, na riwaya ya upelelezi.

Hiyo riwaya imenishinda. Haina jalada, haina jina, haina mwandishi, inaanzia ukurasa wa 17. Nimeisoma juujuu kutafuta kitu cha kushika, mpelelezi anakunywa tu vitu na kuangalia dirishani.

Siku ya 46

Nimekaa nayo leo bila kopo. Nikajiuliza swali la kitoto: kwa nini 17? Kwa nini isiwe 9 au 23? Kurasa zikichanika huwa zinachanika ovyo, hizi zimetoka zote 16 kwa pamoja, safi, kama mtu alivuliwa shati.

Nikageuza upande wa mgongo. Kuna uzi. Kijipande cha uzi wa kahawia kinaning'inia kwenye tundu.

Karatasi kubwa ukiikunja mara moja inatoa kurasa 4, mara mbili 8, mara tatu 16. Vitabu vya kushonwa vinakuwa na mafungu ya hivyo, kila fungu limekunjwa na kushonwa kwenye mkunjo wake, halafu limeunganishwa na fungu la jirani. Uzi wa fungu la kwanza ulikatika, fungu likaondoka na mwanzo wote wa hadithi. Na jinsi uzi unavyopita, unatoka kwenye tundu, unanasa kitanzi cha fungu la chini, unarudi, nimeshauona mahali. Nimefungua ushonaji, ukurasa wa mishono ya mapambo. Mshono wa mnyororo. Ndio wenyewe, Wakristo wa Kopti huko Misri walikuwa wanafungia vitabu kwa kitanzi hichohicho karne za mwanzo kabisa.

Kidole kwenye mchoro wa mnyororo. Kidole kingine kwenye ukurasa ambao haupo. Nimebishana na mwenyewe kama sharti linaruhusu, nimeamua linaruhusu, A. Na 4, 8, 16 nimeziona zinaelekea kwenye ile hadithi ya mchele juu ya ubao wa sataranji, punje moja mraba wa kwanza, mbili wa pili, kila mraba mara mbili, lakini hapo nimejizuia, C.

Fungu la pili, 17 mpaka 32, nalo lilikuwa limeshikiliwa na Mungu tu. Nimefuata mchoro, sindano nene, tundu kwa tundu, nimejichoma mara tatu. Uzi nimeutoa kwenye droo, ule mwekundu wa ukutani, ndio pekee uliokuwepo. Umeshika.

Wamebaki yatima wawili. Kopo nitalirudia kesho, leo nataka kusoma. Nimeanza ukurasa wa 17, na mtu ameshakufa tayari.